Mchezo Ndani ya Mchezo: Kucheza, Kuchezwa na Upofu wa Uhakiki Wetu

1.0 Chanzo cha Ubishi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya umezoea kuhesabu. Mwanafunzi wa shule ya upili hupewa tamthilia teule akatakiwa ataje mbinu alizotumia mwandishi, naye hutaja: jazanda, kinaya, taharuki, mbinu rejeshi, mchezo ndani ya mchezo. Kila mbinu hupewa mfano mmoja na dhima moja, kisha mtahini hutia alama. Kwa mujibu wa miongozo iliyojaa katika maduka yetu ya vitabu, dhima ya mchezo ndani ya mchezo ni kuburudisha hadhira, au kuendeleza maudhui, au (pale mwenye mwongozo alipochoka) yote mawili. Hatimaye mwanafunzi huyo hutufikia chuo kikuu, orodha yake kwapani. Ingetarajiwa kwamba sisi walimu wake tungemvua mazoea hayo. Tufanyalo ni kumwongezea istilahi chache zilizotoka Urusi na Ufaransa, kisha tukamrudishia orodha ileile ikiwa ndefu zaidi.

Makala haya ni ya ubishi, wala hayakusudii kujificha nyuma ya upole wa kitaaluma. Yanadai kwamba mchezo ndani ya mchezo si pambo la kutajwa na kuachwa. Ni mahali ambapo kazi ya kubuni humfichulia mchezaji kwamba naye anachezwa. Yanadai pia kwamba wazo hilo limo ndani ya lugha yetu wenyewe, kwamba Ebrahim Hussein alilishika mapema, mwaka 1971, na kwamba vijana wa mji wa Isiolo, wakiwa mbele ya michezo ya video iliyotungwa ng'ambo, wanalijadili kwa makini kuliko tunavyolijadili sisi wenye shahada.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Isiolo, alileta pendekezo la tasnifu mbele ya jopo. Alitaka kuchunguza michezo ya kubuni iliyomo ndani ya ulimwengu wa michezo ya video, na jinsi inavyosimuliwa na kufasiriwa kwa Kiswahili na vijana wa mji wake. Jopo halikumaliza robo saa. Mmoja wetu aliuliza iwapo mtahiniwa amepotea njia akiitafuta idara ya kompyuta. Watu wakacheka, na hukumu ikatolewa kwamba hii si fasihi. Mwanafunzi akabadili mada. Akaandika juu ya mbinu za lugha katika riwaya mbili zinazojulikana, akahesabu kama alivyofundishwa kuhesabu, akafuzu vizuri. Mwandishi wa makala haya alikuwamo katika jopo lile. Sikucheka, lakini sikusema neno, na pambizoni mwa ukurasa wa nne wa pendekezo lile, kwa kalamu yangu mwenyewe, yamo maneno mawili: "Mchezo tu."

2.0 Kitenzi Tulichokipoteza

Hebu tuyatazame maneno hayo mawili, maana upofu ninaoulaumu umo ndani yake. Neno "mchezo" katika Kiswahili hubeba mizigo mingi. Pana mchezo wa bao na mchezo wa mpira, mchezo wa kuigiza, na mchezo wa watoto wa baba na mama chini ya mwembe. Upatu nao huchezwa, na humo mna fedha za watu. Mtu akitaka kusema kwamba jambo ni zito husema "si mchezo", akionya husema "usinichezee." Na ngoma huchezwa. Lakini katika jando na unyago kitenzi hiki hugeuka kwa namna ambayo sijaona mhakiki akiishughulikia ipasavyo: mwari hachezi, mwari huchezwa. Wanaocheza ni wengine. Yeye ndiye mtendwa wa kitenzi. Anayecheza bao hunyanyuka pale alipoketi akiwa mtu yuleyule, isipokuwa labda ameudhika. Mwari aliyechezwa hutoka akiwa mtu mwingine, na jamii humwita kwa jina jingine na kumdai wajibu mwingine.

Kazi za jukwaani za miaka ya 1960 na 1970 ziliitwa, bila haya, michezo ya kuigiza. Baadaye istilahi "tamthilia" ikashika usukani. Sina ugomvi na asili yake ya Kiarabu. Neno "fasihi" lenyewe lilikuja kwa jahazi hilohilo. Ugomvi wangu ni kwamba tamthilia haina kitenzi kinachotembea midomoni mwa watu. Mtu hawezi kulalamika kwamba ametamthiliwa. Tulipolistaafisha neno "mchezo" tukaliacha katika orodha ya mbinu peke yake, mithili ya jiwe la mpaka katika shamba lililokwisha kuuzwa, tulipoteza pamoja nalo uwezo wa kuuliza swali la msingi: katika kazi hii, nani anacheza na nani anachezwa? Nilipoandika "mchezo tu" niliandika Kiswahili kibovu, maana "tu" ile haina ithibati katika matumizi ya lugha yenyewe.

3.0 Chini ya Mbuyu

Mashetani yaanza chini ya mbuyu. Shetani na Binadamu wanakabiliana, na msomaji, ambaye hajaambiwa lolote, anaamini kwamba hao ndio wahusika wake. Baadaye ndipo inapobainika kwamba ni vijana wawili, Juma na Kitaru, na kwamba tulichokishuhudia kilikuwa mchezo wao. Juma ni wa ukoo uliopoteza mali na cheo kwa mapinduzi, na bibi yake angali akiishi katika fahari iliyokwisha. Kitaru ni mtoto wa nyumba inayopanda, yenye baba mwenye mali mpya.

Wahakiki wetu, karibu wote, hukimbilia istiari. Shetani ni ukoloni mamboleo. Binadamu ni Mwafrika aliyekabidhiwa uhuru wa bendera. Sikatai. Siasa ya tamthilia hii haifichiki, na anayeikataa ataona taabu kueleza kwa nini iliandikwa Tanzania katika miaka ileile ya baada ya Azimio la Arusha. Lakini ufasiri huo hauwahitaji Juma na Kitaru hata kidogo. Kama istiari ndiyo iliyokuwa shabaha, Hussein angewaacha Shetani na Binadamu pale mbuyuni, akashusha pazia, nasi tungekwenda nyumbani na somo letu. Kwa nini aliwavua maleba? Kwa nini nafasi hizo mbili aliwagawia watoto wa nyumba mbili ambazo historia imezipandisha na kuzishusha kwa siku moja? Na kwa nini, baada ya mchezo kwisha, hauishi?

Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito. Mchezo unamfuata Kitaru nyumbani. Unamsumbua akili, wazazi wanahangaika, daktari anaitwa. Miongozo huandika hapa kwamba "Kitaru anaugua" na kuendelea na safari. Ngano zetu hufunguliwa kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", nazo hufungwa kwa maneno yanayomrejesha msikilizaji kwenye mkeka aliokalia. Fomula hizo ni mlango: mtu huambiwa anaingia, na huambiwa anatoka. Mchezo wa mbuyuni haukufunguliwa mbele yetu, kwa hiyo haukuweza kufungwa. Sisi tuliingia bila kujua na Kitaru hakutoka. Alidhani anacheza, kumbe amechezwa. Na kwa kuwa hapakuwa na kungwi wa kumpokea upande wa pili, badiliko lile halikumpa cheo wala wajibu. Lilimpa ugonjwa.

Baadhi ya walimu hufundisha kwamba mbinu hii tuliazima Ulaya, na Hamlet ndiyo hutajwa kwanza. Naam, katika Hamlet pana mchezo ndani ya mchezo, na kazi yake inajulikana: mwana wa mfalme anatega mtego, anamtazama ami yake uso, na ami anakamatika. Hamlet ndiye aliyeshika kamba ya mtego tangu mwanzo. Katika Mashetani hakuna aliyeishika kamba. Hilo si jambo la kuazima. Ni kuelewa kwa kina kitenzi cha lugha ambayo mtunzi alizaliwa nayo.

4.0 Unaochezeka na Usiochezeka

Mwezi mmoja baada ya jopo lile nilisafiri hadi Isiolo, kilomita zipatazo 280 kaskazini ya Nairobi. Nisisingizie utafiti: nilikwenda kwa sababu dhamiri ilinisumbua. Isiolo ni mji ambamo Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kinachobaki kila mmoja akishatia lugha ya nyumbani mfukoni. Nyuma ya soko pana kibanda cha mabati chenye televisheni tatu na mashine za PlayStation zilizotumika sana, pedi zake zimeshikizwa kwa utepe. Mteja hulipa kwa muda. Wengi hucheza mpira. Televisheni ya pembeni ndiyo ya "mchezo wa mji", na hapo ndipo wasio na fedha husimama nyuma ya mwenye fedha, wakimshauri na kumtukana.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzishika kazi hizi, yafaa nieleze. Mfululizo wa Grand Theft Auto hutungwa hasa na Rockstar North, kampuni ya Edinburgh, Uskoti. Nawashughulikia wawili tu katika mfululizo huo. San Andreas ilitoka mwaka 2004. Mhusika mkuu, Carl Johnson, anayeitwa CJ, anarejea katika mji wa kubuni wa Los Santos mwaka 1992 kumzika mama yake, na kutoka hapo anazama tena katika vita vya magenge. Ndani ya majengo ya ulimwengu huo mna mashine za michezo ya video, nayo ina majina: Duality, Go Go Space Monkey, They Crawled from Uranus. Mchezaji humsimamisha CJ mbele ya mashine, kisha CJ hutoweka machoni na mchezaji hubaki akicheza mchezo wa CJ. Akishinda au akishindwa, hadithi ya CJ haisogei hata hatua. Magenge yanangoja palepale nje.

Kazi ya pili ni Grand Theft Auto V, ya mwaka 2013. Mmoja wa wahusika wakuu watatu ni Michael, jambazi mstaafu anayeishi Los Santos katika nyumba ya kifahari kwa mapatano ya siri na dola. Ana mtoto wa kiume, Jimmy, kijana mvivu asiyetoka chumbani, na burudani yake ni mchezo wa video uitwao Righteous Slaughter 7, dhihaka ya wazi ya michezo ya vita iliyoenea duniani. Mchezo huo haupo. Hakuna kampuni iliyouuza wala mtu aliyeucheza. Unatangazwa ndani ya mji wa kubuni, na unaonekana kwenye skrini ya Jimmy, basi. Na tarakimu yake inadai kwamba umetanguliwa na mingine sita.

Kijana aliyekuwa na pedi mkononi, wa umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne, ndiye aliyenipa istilahi ambazo sikuzipata katika kamusi yoyote ya fasihi. "Mwalimu," alisema, "ile ya CJ inachezeka. Ya Jimmy haichezeki. Unaangalia tu." Nikamwuliza kwa nini watunzi hawakuifanya ichezeke. Akafikiri kidogo. "Kwa sababu hapo wewe ni babake."

Mwenzake aliyesimama nyuma hakukubali. "Babake wapi! Jimmy ni wewe. Umekaa hapo tangu saa nane ukiua watu, na mamako anakutafuta." Wakacheka wote, mwenye pedi pia, lakini hawakuacha. Walibishana hadi muda ukaisha: je, mtu anayemwendesha Michael ni baba anayemdharau mwana, au ni mwana anayedharauliwa? Mmoja alisema kwamba mwenye kibanda ndiye babake kila mtu, maana yeye ndiye anayekula pesa. Katika robo saa ile, sawa na muda ambao jopo letu lilitumia, nilisikia uhakiki.

Tazama walichokuwa nacho. Kiswahili huwaruhusu kunyambua: kucheza, kuchezeka, kuchezwa. Mashine ya CJ inachezeka yote, kwa hiyo haiachi alama. CJ anaondoka mbele yake kama mzee anavyonyanyuka penye bao. Mchezo wa Jimmy hauchezeki, na kwa sababu hiyo ndio unaomgusa mchezaji wa nje. Dakika tano zilizopita mchezaji huyu, kwa mikono ya Michael, alikuwa akipiga risasi polisi na wapita njia. Sasa Michael yuleyule anamtazama mwanawe kwa dharau kwa kuwa anapoteza maisha mbele ya mchezo wa kuua. Anayetaka kumcheka Jimmy hana budi kumcheka akiwa ameshika pedi. Mlango wa mchezo wa ndani umefungwa makusudi, ili aliyeko nje aone kwamba tayari yumo ndani ya mwingine.

Ukiwaweka Kitaru na Jimmy pamoja unaona njia mbili zinazopingana. Hussein aliuficha mpaka wa mchezo, akatuingiza, kisha akatuonyesha tulikovuka. Watunzi wa Edinburgh waliuonyesha mpaka tangu mwanzo, wakaufunga, wakatuacha tugundue tumesimama upande usio wetu. Nami nasema bila kusitasita kwamba Hussein ni mkubwa kuliko wao, na sababu haihusu uzalendo. Katika Mashetani kugundua kuna gharama. Mtu anaugua na nyumba nzima inatikisika. Katika ile kazi ya pili, dhihaka ikishapita, kuua kunaendelea kulipwa kwa fedha nono na hakuna anayelala na homa. Kejeli isiyomgharimu yeyote ni kejeli nyepesi. Lakini ili kufika kwenye hukumu hiyo ilinilazimu kuisoma kazi, na kuisoma ndiko tulikomkatalia mwanafunzi wetu.

5.0 Pingamizi

Nitaambiwa kwamba kazi hizi ni za Kiingereza na za kigeni. Ni kweli, wala sidai ziingizwe katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Nitaambiwa kwamba ni za ukatili, zimeidhinishwa kwa wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na kwamba kibandani palikuwa na watoto wasiofikia umri huo. Hilo nalo ni kweli, na sina utetezi. Mzazi anayemtoa mwanawe pale kwa sikio namwunga mkono. Uchafu wa kazi, hata hivyo, ni hoja ya kuihukumu baada ya kuisoma.

Pingamizi la tatu, kwamba hii "si fasihi," ndilo lililoshinda siku ile, nalo lina historia ndefu isiyoheshimika. Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, walinzi wa arudhi walisema si ushairi, na ubishi huo ulitukalia miaka mingi. Leo kuna wahadhiri wanaokifundisha Kichomi wasiojua kwamba kilipata kukataliwa. Masimulizi ya bibi zetu nayo yalisubiri nje ya mlango wa vyuo vikuu mpaka neno "simulizi" lilipobandikwa ubavuni mwa fasihi. Mkaazi wa Isiolo hahitaji kufundishwa habari ya vizuizi: kwa sheria za wilaya maalumu, iliyojulikana zaidi ikiwa ile ya 1934, wakoloni walidhibiti nani apite kuingia na kutoka kaskazini ya nchi, na mji huu ulikuwa langoni. Tunajua pia kwamba mifugo na maneno viliendelea kupita.

Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo jopo letu halikuliona kabisa, kwa kuwa lilikuwa katika kiambatisho. Nimesema kwamba wapo wanaosimama nyuma bila fedha. Hawa husimuliwa. Aliyecheza jana humweleza leo asiyecheza, naye huenda mtaani Bulapesa au Kiwanjani akawaeleza wadogo zake, na katika kueleza huongeza. Mwanafunzi wetu alikuwa amerekodi na kunakili masimulizi hayo kwa uaminifu mkubwa, pamoja na vicheko na vikatizo vyake. Miongoni mwake yamo masimulizi ya Righteous Slaughter, si ya saba tu bali ya kwanza hadi ya sita, ambayo hata watunzi wa Edinburgh hawakuyatunga. Vijana walijiuliza hao sita walikwenda wapi, wakawabuni. Katika la tatu vita vinahamia jangwani na askari anapotea akifuata ngamia. Katika la tano adui ni kaka yake. Msimulizi mmoja anapingwa katikati na mwenzake anayedai kwamba la tano halikuwa hivyo, naye anamjibu kwamba yeye alilisikia kwa aliyelicheza. Hakuna aliyelicheza. Wote wawili wanalijua hilo, na wanaendelea.

Mchezo usiokuwepo popote, uliotajwa kwa mzaha ndani ya mchezo mwingine, umepata visa, wahusika, matoleo yanayokinzana na wasimulizi wanaogombea uhalali wa matoleo yao, kwa Kiswahili, Isiolo. Mhakiki wa fasihi simulizi angeomba nini zaidi? Lau masimulizi hayohayo yangehusu sungura na fisi, tungempa mwanafunzi yule alama ya juu na kumshauri aendelee hadi uzamivu. Nakala ya jopo ya pendekezo lile ninayo. Kurasa za kiambatisho zingali zimeshikana pale mashine ya kuzibana ilipopita. Hakuna aliyezifunua, nami sikuzifunua hadi niliporudi kutoka Isiolo.

Nilimwandikia mwenye kazi kumwomba ruhusa ya kuitaja hapa, na kumwuliza iwapo angependa iwasilishwe upya. Aliniruhusu kuitaja, kwa sharti kwamba jina lake lisionekane. Juu ya kuiwasilisha alisema atafikiri wakati wa likizo, kwa kuwa sasa anafundisha shule ya upili na kazi ni nyingi. Muhula huu, aliandika, darasa lake linasoma tamthilia teule, na wamefika kwenye mbinu.